Fomu ya mjomba na kesi ya Mtikila

Sauti ya Mchungaji Christopher Mtikila niliisikia kwanza ikitoka kwenye kaseti iliyokwisha kumezwa na redio mara mbili. Ulikuwa msimu wa pamba wa 1993, hapa Shishiyu, wilayani Maswa, nje ya ghala la chama cha msingi, nasi tunasubiri mizani ifunguliwe. Kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Dar es Salaam alichomeka kalamu ya Bic kwenye tundu la kaseti, akawa anaizungusha taratibu ili utepe ukaze, huku mawe ya redio yameanikwa juani juu ya gunia la mtu yapate nguvu kidogo. Ilipoanza kusema ilisema kwa mawimbi, mara nene, mara nyembamba kama ya mtoto, kadiri mawe yalivyojaliwa. Lakini maneno yalisikika.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa nne kazini, kwa hiyo wazee wasiokipata vizuri Kiswahili cha Dar walinigeukia mimi. Neno lililonitoa jasho ni walalahoi. Siku hizi kila mtu analo, hata mawaziri wanalitumia bila aibu, lakini wakati ule lilikuwa bado bichi, na kwetu lilifika likitoka kinywani mwa yule mchungaji. Nikajaribu kulieleza kwa Kisukuma: ni watu wanaorudi jioni wamechoka hata ugali hauliki, wanajitupa tu kitandani. Bibi mmoja aliyekuwa amekalia pamba yake akanikatiza. "Huyo mtu," akauliza, "amefika lini Shishiyu?"

Hakufika, nijuavyo mimi. Mtikila alikuwa mtu wa Ludewa, kule kusini, na kanisa lake, Full Salvation Church, lilikuwa Dar es Salaam. Chama chake, DP, wakati ule hakikuwa na usajili, maana sheria ilitaka chama kiwe na wanachama wa pande zote mbili za Muungano, naye akasema Muungano haujui, anaijua Tanganyika. Kilikuja kusajiliwa mwaka 2002. Miaka mitatu baadaye akagombea urais, na hapo sheria ikamtaka mtu huyohuyo asiyeutambua Muungano awe na mgombea mwenza kutoka Zanzibar. Akampata, Jumbe Rajab Jumbe. Siku chache kabla ya kura mgombea mwenza huyo akafariki, na uchaguzi wa Muungano uliokuwa ufanyike tarehe 30 Oktoba 2005 ukasogezwa hadi tarehe 14 Desemba. Nchi nzima ilisubiri kwa sababu ya msiba wa chama ambacho, kura zilipohesabiwa, kilipata kura 31,083. Hata asilimia moja haikufika. Nakumbuka masanduku tuliyokuwa tumeyapanga darasani kwangu yakarudishwa, watoto wakaendelea na masomo, na hakuna aliyeweza kuwaeleza wanafunzi wa darasa la tatu kwa nini.

Kila ifikapo Oktoba wapo wanaomkumbuka, maana alifariki tarehe 4 Oktoba 2015, katika ajali ya gari Msolwa, karibu na Chalinze, akitokea Njombe kurudi Dar es Salaam, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Humkumbuka kwa vituko. Hotuba, kesi za uchochezi, karandinga, mara yuko mahakamani Kisutu, mara yuko rumande, mara ametoka anaita waandishi. Nami nacheka, kwa sababu vituko vilikuwepo na mwenyewe alivipenda. Ila naona tunamkumbuka upande wa kaseti tu. Upande wa pili ni majalada ya mahakama, na huko hakuna kichekesho. Huko ndiko alikotuachia deni ambalo hapa kijijini tunalilipa kila uchaguzi wa kitongoji. Nitafika huko, lakini kwanza niseme lile nisilopenda kulisema.

Katika kaseti ile kulikuwa na neno la pili, nalo sikuhitaji kulitafsiri: magabacholi. Alikuwa akiwasema watu wa asili ya Kiasia, kwamba ndio wanaokula nchi. Tulicheka. Mimi nilicheka, mwalimu mzima. Januari ya mwaka huohuo, baada ya mkutano wake Dar es Salaam, vijana walikwisha kuingia barabarani na kuyapiga mawe magari ya watu hao. Sisi tulikuwa mbali, tukaona ni habari ya mjini. Wiki moja baada ya kaseti ile nilishuka Maswa mjini kwa Mhindi mmoja aliyezoea kunikopesha madaftari, kalamu na unga wa ngano mpaka mshahara utoke, naye hakuwahi kunidai mbele ya watu. Akaniandikia kwenye kitabu chake cha madeni kama kawaida. Kabla ya kukifunga akaniuliza, bila kuninyanyulia macho: "Mwalimu, na mimi ni gabacholi?" Nilimwambia hapana. Nikabeba unga wangu nikatoka, na njia nzima ule unga ulikuwa mzito.

Kwa hiyo sijaja kumvika mtu kilemba cha ukoka. Mchungaji aliweza kuwatetea wanyonge na kuwachongea wengine katika sentensi moja, bila kupumua. Mwaka 1999 alifungwa kwa maneno aliyoyasema kuhusu kifo cha kigogo wa CCM, Horace Kolimba. Mwaka 2008, kwenye uchaguzi mdogo wa Tarime, alipanda jukwaani akasema juu ya kifo cha aliyekuwa mbunge wao, Chacha Wangwe, mambo ambayo watu wa pale hawakutaka kuyasikia, wakamrushia mawe, akatoka ameumia. Miaka yake ya mwisho alishtakiwa kwa waraka uliomtuhumu Rais Kikwete kuuhujumu Ukristo, mahakama ikamwachia. Kuachiwa ni haki yake, na mtu hafai kufungwa kwa karatasi. Lakini mimi nimekaa kwenye kitongoji ambako Mwislamu na Mkristo wanasaidiana kuchimba kaburi, na waraka wa namna ile nisingeuweka mezani watoto wakauona.

Sasa majalada.

Mwaka 1993 alifungua shauri Mahakama Kuu ya Dodoma dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Serikali ikaleta hoja ile ambayo kila mnyonge anaijua: wewe ni nani hata uje kushtaki, umeumia wapi? Jaji Kahwa Lugakingira akaikataa. Akasema Katiba yenyewe inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda. Tarehe 24 Oktoba 1994 akatoa hukumu, na ndani yake mlikuwa na mambo mawili ambayo mtu wa kijijini angepaswa kuyajua kama anavyojua bei ya pamba. La kwanza, kwamba kuomba kibali ili kufanya mkutano wa hadhara ni kinyume cha Katiba. Kutoa taarifa kunatosha. La pili, kwamba raia anaweza kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama chochote. Mgombea binafsi.

Niseme pembeni, kwa faida ya watu wa mkoa wetu: Mwanasheria Mkuu hukumu ilipotoka alikuwa Andrew Chenge, mtoto wa Bariadi. Wakati huo sote tulikuwa bado Shinyanga, Mkoa wa Simiyu umekuja mwaka 2012. Basi mdaiwa alikuwa jirani yetu, na sisi huku hatukujua hata kama kuna kesi. Redio yetu ilikuwa moja, na mambo ya Mtikila haikuyashughulikia sana.

Hukumu ile iliishi siku 39. Tarehe 2 Desemba 1994 Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba, na sharti la chama likarudi, safari hii limechimbiwa ndani zaidi. Mtu mwingine angekwenda zake. Mtikila akafungua kesi nyingine mwaka 2005, na tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu, Manento, Massati na Mihayo, wakampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema kazi hiyo si ya mahakama, ni ya Bunge. Yaani waliolifunga lango ndio walioachiwa ufunguo. (Ramadhani mwenyewe alikuja kupewa upadri wa Kianglikana. Mchungaji na padri mtarajiwa, mmoja upande wa kudai na mwingine juu ya kiti. Sijui kama waliwahi kunywa chai pamoja, ningependa kuwa karibu na meza hiyo.)

Akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na huko shauri lake likaunganishwa na la Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Ramadhani alikuwa jaji huko pia, na kwa heshima akajitoa kusikiliza shauri hilo. Serikali ilieleza kwamba sharti la chama linalinda umoja wa taifa na kuzuia ukabila. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikasema hoja hizo hazitoshi kumnyima mtu haki yake, na ikaiagiza Tanzania irekebishe Katiba na sheria zake ndani ya muda unaofaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kusikiliza shauri mpaka kiini chake na kuitia nchi hatiani. Mchungaji aliomba na fidia, hakupewa hata senti.

Muda unaofaa bado unaendelea. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilimruhusu mgombea huru, lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika mpaka leo. Mwaka 2019 Tanzania ikaliondoa tamko lililowaruhusu wananchi wake kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo ya Arusha, ambayo imejengwa kwenye ardhi yetu wenyewe. Gunia la pamba likikataliwa kwenye mizani, angalau unarudi nalo nyumbani.

Nimefika kwa mjomba.

Mjomba wangu ni ndugu wa mama, mtu wa maneno machache. Ukigombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba, unamwita yeye. Anakuja na fimbo, anatembea kwenye tuta, anasimama kwenye mti ambao wote mlikuwa mmeusahau, anasema mpaka ni hapa. Nimemwona akikaa kimya nusu saa huku watu wawili wanatukanana, kisha anauliza swali moja la mwaka ambao mvua ilikosekana, na ugomvi unaisha. Kadi ya chama hana. Aliwahi kuwa nayo ya chama kimoja enzi zile za kimoja tu, panya wakaila, hakuomba nyingine.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2014 ulipokaribia, nzengo nzima, yaani majirani wa kitongoji chetu, walikaa chini ya mkwaju wakasema mwenyekiti ni yeye. Hakukuwa na kampeni. Mzee mmoja alisema jina, watu wakaguna kwa kukubali, wakahamia habari ya ng'ombe walioingia kwenye dengu. Kwao uchaguzi ulikuwa umekwisha.

Mimi ndiye niliyekwenda kumchukulia fomu. Nikaonyeshwa mahali pa kuandika jina la chama kinachomdhamini. Nikasema hana. Nikaambiwa basi hagombei. Sikutukanwa wala sikucheleweshwa, niliambiwa kwa upole kabisa, kama mtu anayekuambia duka halina sukari. Tukaenda kwa chama cha kwanza. Wao walikwisha kupiga kura zao za maoni na walikuwa na mtu wao. Tukaenda kwa cha pili. Hao walifurahi mno, wakamletea kadi mpya kwa bodaboda, wakampiga picha ameishika. Katika picha ile mjomba anaishika kadi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa simu ya mwenzake amshikie. Jioni hiyohiyo majirani watatu, wanachama wa chama cha kwanza, hawakumsalimia. Watu aliowaamulia mipaka!

Fomu ikarudi. Muhuri wa chama ulikuwa wa ngazi isiyotakiwa, na aliyetakiwa kuutia sahihi alikuwa amesafiri kwenye msiba. Siku ya mwisho ikapita. Mwenyekiti akapatikana mwingine, si mtu mbaya, nisimseme vibaya. Lakini kesi za mipaka bado zinakwenda kwa mjomba, halafu mwenyekiti anagonga muhuri kwenye alichoamua mjomba.

Hapa watu wa mijini hunijibu kwamba mgombea asiye na chama atamwajibikia nani. Usukuma unalo jibu lake, na si jibu jepesi. Miaka ya mwanzo ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipotushinda, tuliunda sungusungu. Tukachagua ntemi wetu na makamanda wetu bila kadi ya mtu yeyote, kwa kuangalia nani ana akili na nani haogopi. Wizi ulipungua, hilo hakuna anayelibishia. Na sungusungu hao hao walipiga watu bila ushahidi, na mahali pengine vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni walisakwa kama wachawi. Kwa hiyo kuchagua bila chama si dawa ya kila kitu. Lakini ntemi wa sungusungu alipoharibu, tulimwita kwenye mkutano tukamtoa siku hiyohiyo. Aliwajibika kwa waliomjua hadi idadi ya ng'ombe wake. Sijawahi kuona chama kikimtoa mtu wake kwa sababu nzengo imesema.

Wala si vitongojini tu. Watu wa Maswa tulimwona John Shibuda, aliyekuwa mbunge wetu kwa tiketi ya CCM, akishindwa kura za maoni mwaka 2010. Akahamia CHADEMA, akashinda Maswa Magharibi. Baadaye akahamia ADA-TADEA. Wako wanaomcheka kwa kubadili mashati. Mimi namtazama kwa jicho la Lugakingira: ni mtu yuleyule na wapiga kura walewale. Sheria ndiyo iliyomlazimisha apite dukani kununua shati jingine ili asimame mbele ya watu waliokwisha kumkubali. Tukimzoea mtu hivyo, hata sisi tunaanza kuamini kwamba kinachogombea ni shati.

Ndiyo maana Oktoba ikifika sipendi kumwona Mtikila amebaki kuwa mzee wa vijembe. Mikutano ya hadhara ilipozuiwa mwaka 2016 na kuruhusiwa tena Januari 2023, nilisikiliza redioni watu wakishukuru, wengine wakijisifu. Hakuna niliyemsikia akimtaja Lugakingira, wala yule mchungaji aliyekwenda Dodoma miaka thelathini nyuma kudai kwamba kukusanyika hakuombwi. Kanisani kwetu mhubiri mmoja aliwahi kutuambia kwamba mchungaji akiingia siasa amepoteza kondoo. Labda. Ila Mtikila kondoo wake aliwatafutia njia kwa shauri namba tano, shauri namba kumi, miaka ishirini mfululizo, ambayo mwanasiasa wa kawaida asingeivumilia hata miezi sita kwa sababu haina posho. Ulimi wake ulimponza na ukawaponza wengine. Kalamu yake mahakamani ilikuwa pole kuliko ulimi, na iliona mbali zaidi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mjomba, mguu unamsumbua siku hizi. Nilimkuta amekaa nje, anachambua mbegu. Nikamsomea kwa sauti habari ya hukumu ile ya mwisho, kwa sababu miaka yote hii nilikuwa sijawahi kumweleza sawasawa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Hiyo ya kusema mtu agombee mwenyewe," akaniuliza, "imetoka wapi?"

"Arusha."

"Lini?"

"Juni 2013."

Akahesabu vidoleni, si miaka, misimu ya pamba. "Kwa hiyo mimi nilipojaza ile fomu, ilikuwa imeshatoka."

"Ilikuwa imeshatoka, mjomba."

Akatupa mbegu mbovu kwa kuku. "Arusha si mbali hivyo, mwalimu. Waliipakia basi gani?"